Mguu wa Maziwa

Mara ya pili nilipokwenda Marekani nilikwenda kumkanda mkamwana wangu. Watu wengine huenda kusoma, wengine kutafuta maisha. Mimi nilipanda ndege na mikono yangu miwili, kanga mpya, pilipili manga ya uji na chupa ya mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe. Askari wa uwanja wa ndege aliigeuzageuza ile chupa kana kwamba amekamata gongo. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha ualimu kwamba ni mafuta ya mzazi. Sidhani kama alielewa, lakini aliuona umri wangu akaniachia.

Mwanangu na mkewe walikuwa wanakaa Adelphi, ghorofa ya pili, kwenye majengo ya matofali mekundu yanayofanana mno, hata wiki ya kwanza nilihangaika na ufunguo kwenye mlango wa watu. Mkamwana wangu ni Mmarekani mweusi, kwao ni Upper Marlboro, mahali ambapo zamani palikuwa mashamba ya tumbaku na leo ni mitaa ya nyumba kubwa zenye majani yaliyokatwa vizuri. Walikutana huko huko, kwenye ofisi za kaunti, na wote wawili wanafanya kazi hapo mpaka sasa. Ni binti mpole lakini si mjinga. Nilimpenda tangu siku aliponiuliza kwa nini tunakula ugali kwa mkono, na kabla sijajibu akanawa akaanza kula.

Mama yake ndiye aliyenishinda. Kwetu Tanga, binti akiolewa, mama yake hupewa mkaja. Mkaja ni ile nguo anayofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, siku zote arobaini, ili tumbo lirudi na mgongo upate nguvu. Siku hizi wengi hutoa fedha wakaiita mkaja, lakini mimi ni mtu wa zamani, nilitoa nguo yenyewe. Siku ya harusi yao, mbele ya watu wa kanisani kwao, nilimkabidhi mkwe mwenzangu ile nguo na kumweleza maana yake: tunalishukuru tumbo lililombeba huyu binti.

Mkwe mwenzangu ni mwanamke mrefu, anayevaa kofia ya kanisani vizuri kuliko watu wengine wanavyovaa nguo zao zote. Aliniuliza, "Tumbo lililombeba?" Nikasema ndiyo. Akaikunja ile nguo, akaitia ndani ya mkoba, akafunga zipu. Hakuivaa hata kwa picha. Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nilirudi Tanga nikawaambia dada zangu kwamba tumeoa kwa watu wanaojisikia.

Basi mara hii ya pili nilijiapiza kwamba arobaini ya mjukuu wangu itakuwa arobaini kweli, apende asipende mama mwenye kofia. Mtoto alizaliwa salama, msichana, ana masikio ya marehemu mume wangu, maskini. Walipotoka hospitali nilimlaza mzazi kitandani na kumpiga marufuku kushuka ila kwa haja. Asubuhi uji wa pilipili manga, mchana supu, jioni namkanda kwa maji ya moto kuanzia mabegani hadi kiunoni, kisha namfunga mkaja. Mwanangu alijaribu kuingilia. "Mama, nurse alisema a-rest lakini a-move pia kidogo kidogo." Nikamwambia nesi huyo hakunizaa wala hakumzaa yeye. Mkamwana wangu mwenyewe alifurahi. Alisema tangu azaliwe hajawahi kushikwa na mikono inayojua inakokwenda.

Mahitaji nilikuwa nayafuata Langley Park, ambako maduka ni ya watu wa Amerika ya Kati lakini muhogo ni muhogo na ndizi ni ndizi. Nilikuwa nabishana bei kwa vidole, muuzaji anacheka, nami nacheka, na hanipunguzii kitu. Barabara yote ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya reli mpya, vumbi tupu na mabati, na basi linajaa mpaka mlangoni. Siku moja nilirudi na kuku, nimechoka, nikakuta mzazi ameketi pembeni mwa kitanda akiutazama mguu wake wa kushoto.

Mguu ulikuwa umevimba kuanzia pajani hadi kifundoni. Haukuwa mwekundu wa jipu. Ulikuwa umepauka, ngozi imenyooka na kung'aa, na yeye alisema tangu jana unamvuta kama mtu aliyekazwa na misuli. Hakutaka kunisumbua, eti. Jirani yetu, mama wa Kikongo anayefanya kazi ya kutunza wazee, alikuwa amekuja kumwona mtoto. Aliutazama akasema, "Iyo ni kulala sana, Mama. Kanda ile muguu na maji ya moto, itashuka tu." Nami ndivyo nilivyokuwa nawaza. Tangu lini uvimbe wa mzazi ukatibiwa vinginevyo? Jirani akaenda zake kazini. Nikachemsha maji, nikalowesha taulo, nikajimiminia mafuta viganjani na kukaa mbele ya ule mguu.

Mlango ukafunguka. Alikuwa mkwe mwenzangu, amekuja na bakuli la mboga za majani kama alivyozoea. Alifika mlangoni mwa chumba, akaona mguu, akaona mikono yangu. Bakuli aliliweka sakafuni, si mezani.

"Usiuguse," alisema. "Nakuomba, usiuguse huo mguu."

Aliyasema kwa sauti ya chini sana, na ndiyo maana nikatii. Angenifokea, ningekanda.

Alipiga magoti, hakuushika, aliutazama tu upande huu na upande ule. Kisha akasema maneno ambayo sikuwahi kuyasikia: mguu wa maziwa. Bibi yake, alisema, alikuwa na mguu wa maziwa baada ya kujifungua, na aliuburuta mpaka anakufa mzee. Wazee wao waliamini kwamba maziwa ya mzazi yamekosea njia yakashukia mguuni. "Vaa viatu," akamwambia binti yake. "Tunakwenda hospitali sasa hivi." Mimi nilimbeba mtoto, mikono yangu bado ina mafuta, na yeye akaendesha gari katikati ya yale mabati ya reli akiwa ameukamata usukani kwa nguvu na midomo ikitembea. Alikuwa anasali. Nami nilikuwa nasali kwa namna yangu, kiti cha nyuma.

Walimpima kwa ile mashine ya picha wanayotumia kutazamia mimba. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akatuambia kuna bonge la damu iliyoganda ndani ya mshipa mkubwa, kuanzia kwenye kinena hadi gotini. Tiba ipo na wameshaianza, alisema, lakini hatari ni kipande kukatika kikapanda mpaka mapafuni. Akauliza kama kuna mtu ameukanda au kuusugua. Mkamwana wangu akasema hapana. Mimi nilizificha mikono yangu chini ya shuka ya mtoto. Nimekanda wazazi wengi, nimesifiwa kwa mikono hii, na siku ile niliiogopa.

Halafu daktari akauliza swali la kawaida. Katika ukoo wenu, yupo aliyewahi kuganda damu? Mama yako alipata tatizo lolote alipokuzaa?

"Mama yangu ndiye huyu hapa," mkamwana akajibu. "Mzima kama unavyomwona." Alijibu upesi kama mtu aliyezoea. Baadaye nilijua kwamba kliniki ya wajawazito walimuuliza swali hilohilo, naye akatoa jibu hilohilo, na wao wakaendelea na mengine.

Mkwe mwenzangu alikuwa amesimama karibu na dirisha. Nilimwona anashika ukingo wa kitanda. Alimtazama daktari, hakumtazama binti yake.

"Mimi sikumzaa," akasema. "Aliyemzaa ni mdogo wangu. Alikuwa na mguu kama huu. Alikufa wakati huyu binti hajamaliza mwezi, alianguka jikoni akasema hawezi kupumua. Tulisema ni mapafu, basi. Mguu hatukuutaja kwa mtu."

Nilimtazama mkamwana wangu nikaona uso wake umekuwa wa mtoto, kama msichana wa darasa la kwanza aliyeachwa shuleni na hakuna aliyekuja kumchukua. Kisha akageukia ukutani.

Kwetu neno lile lisingemtikisa mtu. Dada wa mama yako ni mama mkubwa, na mama mkubwa ni mama, anakuchapa kama mama na kukulisha kama mama, na hakuna siri ya kufichua. Lakini kule mtu ana mama mmoja, na mwanamke yule ndiyo kwanza ajivue umama wake mbele ya watu ili daktari apate jibu sahihi. Nimeona watu wakitoa damu kwa ajili ya watoto wao, nimeona waliouza mashamba. Hilo la siku ile sikuwahi kuliona, nami nilimwogopa yule mwanamke kwa heshima, na nikajiona mdogo na hasira zangu za mkaja.

Ukumbini nje aliniambia mengine. Alimchukua mtoto akiwa bado na kitovu. Baba wa mtoto alishaondoka zamani. Angemwambia ukweli, mtoto angekua akijua kwamba siku yake ya kuzaliwa ndiyo iliyomuua mama yake. "Nilitaka awe na keki," alisema, "bila mtu kulia juu yake." Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na nilikuwa nayo methali ile mdomoni tayari. Nikaimeza. Hakuficha maradhi, alimficha mtoto asiumie, ila maradhi yalikuwa yamejibanza humohumo.

Majibu ya damu yalikuja baadaye, mkamwana akiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani na kupewa sindano za kujichoma tumboni. Daktari alituita wote. Alieleza vizuri, hata mimi niliyekuwa nafundisha sayansi ya darasa la tano nikafuata. Damu, alisema, inajua kuganda ili tusimalizike kwa kidonda kidogo, na ina breki ya kuisimamisha. Katika damu ya huyu binti kuna sehemu moja ndogo sana ya urithi iliyobadilika, na kwa ajili hiyo breki haishiki sawasawa. Wengi wenye hali hiyo wanaishi wakazeeka bila kujua. Mimba na uzazi ndivyo vinavyoiamsha.

Mkamwana akauliza kama ni ugonjwa wa watu weusi. Daktari akatikisa kichwa. Ni kawaida kwa wazungu, alisema. Afrika karibu haupo. Kwa wanawake weusi wa Marekani upo, lakini kwa wachache, na kwa sababu ni wachache mara nyingi hakuna anayewatafuta. Niliandika akilini mwangu: uchache si ukosefu.

"Kama Afrika karibu haupo," mkamwana akasema polepole, "mimi nimeupata wapi?"

Daktari alitafuta maneno. Mkwe mwenzangu hakumngoja ayapate.

"Tunamjua," alisema. "Hatulijui jina lake, lakini tunamjua. Mwenye shamba." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Hakutuachia hata jina. Kumbe alituachia hiki."

Njiani kwenda kwa mkwe mwenzangu, nilishaliona ghala la mbao la kukaushia tumbaku, limeinama, limezungukwa na nyumba mpya. Nilikuwa napita nikiliona mbao tu. Sasa nilikuwa nawaza mwanamke gani wa utumwani aliingizwa humo na nani, na jinsi jambo lile, ambalo hakuna aliyelisema wala kuliandika, lilivyotembea tumbo kwa tumbo kimya kimya mpaka likafika ghorofa ya pili Adelphi, kwenye mguu niliokaa mbele yake na mafuta.

Daktari akaongeza jambo moja, akasema ni dhana ya wataalamu wala si hakika. Inaaminika mabadiliko yale yalianza kwa mtu mmoja tu, maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya wafalme na mashua. Kwa nini hayakupotea? Huenda kwa sababu wanawake wenye nayo hawatoki damu nyingi wakijifungua. Sehemu ambako wengine walimalizika, wao waliamka.

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa kwa sababu ya maneno hayo. Kitu kilichomuua mdogo wa mkwe mwenzangu pengine ndicho kilichomwinua bibi wa bibi yao kutoka kwenye sakafu ya udongo, akajifungua bila mkunga wala dawa, akaishi, na kwa kuishi kwake huyu akapatikana, na mjukuu wangu akapatikana na masikio yake. Nilikuwa nampakata mtoto nikimtazama mshipa mdogo unaopiga utosini. Pengine anacho, pengine hana; mkwe mwenzangu alipimwa akakutwa hana, kilimruka. Nilimwogopa Mungu kuliko nilivyowahi kumwogopa msikitini. Tunajisifu kuwatambua watu kwa sura, na kumbe ndani kila mmoja amebeba wageni asiowajua.

Arobaini yangu ikavurugika. Daktari alisema kukanda miguu basi, mkaja wa kubana usubiri, na kulala siku nzima ndiyo adui mkubwa. Nikamuuliza mwanangu, sasa hiyo ni arobaini ya nini, si afadhali mzazi akalime? Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Nikaanzisha arobaini ya kutembea. Kila uji, matembezi. Kila supu, matembezi. Tulikuwa tunakwenda kwenye korido ya jengo, mzazi na soksi yake ya kubana mguu, mimi na kanga begani, mtoto mgongoni kwangu, na jirani wa Kikongo akirudi kazini anajiunga na sisi huku akisema, "Kumbe nilikushauri mubaya, Mama, unisamehe." Nikamwambia wote wawili tulikuwa wajinga, na mjinga akierevuka mambo huwa mazuri.

Lililoniuma ni lingine. Mkamwana wangu alikuwa hazungumzi na mama yake. Yule mama aliendelea kuja, anaweka bakuli mezani, anambusu mtoto, anaondoka, na binti anaitazama simu. Hapo mguu ulikuwa unapungua lakini kitu kingine kilikuwa kinaganda, na hicho hakina sindano.

Siku moja kwenye korido aliniuliza, "Mama, kwenu, mtu kama yeye ningemwita nani?"

"Mama mkubwa."

"Na aliyenizaa?"

"Mama."

"Yaani wote?"

"Wote. Ungewataka wangapi?"

Alitembea mpaka mwisho wa korido akageuka. Nikaona nimwambie na langu, kwa kuwa lilikuwa limenikaa moyoni. Nikamwambia habari ya mkaja, jinsi nilivyompa mama yake nguo ya kulishukuru tumbo lililombeba, na jinsi alivyoikunja asiivae hata siku moja, nami nikamwona mwenye dharau. Alisimama. Na mimi nikasimama, maana nilikuwa nimeyasikia maneno yangu mwenyewe. Tumbo lililombeba. Yule mwanamke aliniuliza siku ile, na mimi nikamjibu ndiyo.

"Alijua si yake," mkamwana akasema. Akajifuta macho kwa pindo la kanga yangu bila kuomba ruhusa.

Siku ya arobaini tulimtoa mtoto nje, jua likiwa kali na mashine za reli zikiunguruma ng'ambo ya barabara. Mkamwana alimpigia mama yake simu mwenyewe. Alimwambia aje, na aje na ile nguo ya harusi.

Alikuja na kofia. Mkaja alikuwa nao ndani ya mkoba uleule, mikunjo yake haijaguswa. Alipita mbele ya binti yake akanipa mimi kwa mikono miwili.

"Nilijua siku moja mtaudai," akasema. "Ulikuwa wa mdogo wangu. Sikujua nimpelekee wapi."

Mkamwana aliuchukua mikononi mwangu. Akaukunjua, akaenda nyuma ya mama yake, akauzungusha kiunoni, juu ya gauni la kanisani na mkanda wake wa dhahabu. Mara moja, mara mbili. Mama mtu alisimama ameinua mikono kama mtoto anayevalishwa, kofia imekwenda upande, machozi yanashuka naye hayafuti. Binti alifunga fundo akakosea, akalifungua, akafunga tena. Hakujua; nani alimfundisha?

Nikamwambia akaze zaidi, maana mkaja ukilegea haumsaidii mzazi.